Siyo Majini, ni Presha: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Kifafa cha Mimba

Mimi ni mkunga wa wodi ya wazazi, mkoani Pwani. Maswali haya naulizwa kliniki, mlangoni mwa wodi, na hata nikiwa sokoni nachagua nyanya. Mengi nimeyajibu kwa upole. Moja limenichosha, mtaliona.

Kifafa cha mimba ni nini?

Ni degedege linalompata mjamzito, au mama aliyejifungua karibuni, kwa sababu ya presha iliyoletwa na mimba. Presha hiyo huanza baada ya wiki 20. Tunaihesabu kuwa imepanda ikifika 140 kwa 90 katika vipimo viwili vilivyopishana saa 4 au zaidi. Ikifika 160 kwa 110 hatusubiri, tunaanza dawa hapohapo. Protini ikionekana kwenye mkojo, au figo, ini na ubongo vikianza kuguswa, tunasema mama ana dalili za kifafa cha mimba. Akianguka, ndicho chenyewe. Hakiambukizi.

Kinatokana na nini?

Na kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha damu haikupanuka inavyotakiwa, kondo likakosa damu ya kutosha, likaanza kumwaga kwenye mwili wa mama kemikali zinazoumiza mishipa yake yote, toka ya figo mpaka ya ubongo. Walio hatarini zaidi ni wenye mimba ya kwanza, mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo, unene uliopitiliza, na waliowahi kukipata mimba iliyopita.

Mbona wazee wanasema ni jini?

Siyo jini. Naelewa linavyotisha: mtu jana alikuwa anakuna nazi, leo macho yamegeuka, meno yameumana, povu linatoka, akizinduka hamjui hata mumewe. Bibi zetu hawakuwa na mashine ya presha, walieleza kwa walichokuwa nacho. Sisi mashine tunayo.

Niwape picha ambayo nimeiona kwa sura nyingi. Alfajiri, bajaji inasimama mlangoni. Binti, mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Khanga zimelowa maji, nywele zinanukia ubani, mkononi kafungwa kamba nyeusi. Naisogeza kamba, nafunga kitambaa cha mashine: 190 kwa 120. Ulimi umekatika pembeni. Naweka mpira wa mkojo, unatoka kidogo sana, mweusi kama chai ya rangi. Nauliza kaanza lini. "Jana, baada ya magharibi." Mara ngapi? Wanatazamana. Shangazi anasema nne, mama mkwe anasema tano. Na kichwa? "Kichwa kilimuuma tangu juzi, tukampa Panadol." Kutoka kwao mpaka kwetu ni dakika 40.

Siyo jini. Ni presha, na tangu juzi ilikuwa inapiga hodi.

Lakini akisomewa anatulia. Hiyo vipi?

Hapa ndipo watu wanapodanganyika, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Degedege la kifafa cha mimba hukoma lenyewe, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Angetulia akisomewa, angetulia akimwagiwa maji, angetulia hata mngekaa mkamtazama tu. Baada ya hapo analala fofofo, nyumba nzima inashusha pumzi: "kimetoka." Hakijatoka. Ule si usingizi, ni ubongo uliozidiwa. Presha iko palepale, na degedege la pili linakuja, au damu inavuja ndani ya kichwa bila degedege jingine lolote.

Dua sikatazi. Msomeeni ndani ya gari.

Tukimpeleka kwa mtaalamu wa mambo hayo kwanza, halafu hospitali?

Hapana.

Na kama familia bado haijakubaliana?

Gari liende, mabishano yafuate nyuma. Nimesimama na wanaume waliokuwa wanampigia simu mjomba ili atoe ruhusa huku mgonjwa anatoka povu. Baba, shemeji, mama mkwe: ruhusa hiyo ninyi mnayo, itoeni sasa hivi, kabla ya mwezi wa saba haujafika, ili siku ile pasiwe na kikao.

Jambo hili si la kijiji chenu peke yake. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mjamzito huuawa na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Ile ya tatu ni yetu sisi wenye makoti, na siikimbii. Wapo wanaofika mapema wakakuta dawa hakuna au mhudumu haonekani. Lakini ile ya kwanza iko sebuleni kwenu. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa duniani kwa sababu za ujauzito na uzazi, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa wa nchi maskini. Magonjwa ya presha ni sababu kubwa ya pili baada ya kuvuja damu. Wanawake wa Uingereza nao wanapata kifafa cha mimba, ila kufa nacho huko ni nadra mno. Kondo lao halina tofauti na lenu. Wanapimwa, na dalili ikionekana hawalali nayo nyumbani.

Hospitali mna nini ambacho mganga hana?

Tuna magnesiamu salfeti. Dawa ya bei ndogo, ya miaka mingi, na imepimwa kuliko dawa nyingi mnazozimeza bila kuuliza. Mwaka 1995 utafiti wa nchi kadhaa uliilinganisha na diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege, kwa kina mama waliokwisha kuanguka. Waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege kwa karibu nusu ya wenzao. Mwaka 2002 yakaja majibu ya utafiti mwingine, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wenye dalili lakini hawajaanguka: dawa hiyo ilipunguza hatari ya kuanguka kwa zaidi ya nusu. Pamoja nayo tunampa dawa ya kushusha presha, halafu tunapanga kumzalisha. Ugonjwa huu hauondoki mpaka mtoto na kondo vitoke. Mimba ikishatimiza wiki 37 hatuna cha kungoja.

Nasikia sindano hiyo inaua mtoto.

Haiui. Inachoma matakoni, inaleta joto mwili mzima, mama anasema anaungua. Inaweza kuleta shida ikizidi, ndiyo maana mnatuona tunagonga goti kwa kinyundo, tunahesabu pumzi na kupima mkojo kwenye mfuko. Goti likiacha kuitika, tunasimamisha. Kinachomuua mtoto ni mama kuanguka mara tano nyumbani.

Nitajuaje kabla sijaanguka?

Kichwa kinachouma na hakisikii Panadol. Kuona nyota, ukungu au giza. Maumivu chini ya chembe ya moyo au ubavuni kulia, ambayo wengi wanayaita vidonda vya tumbo. Uso na vidole kuvimba ghafla, pete ikakataa kutoka. Ukiwa na mimba ya zaidi ya miezi mitano na umeona hata moja, ni presha mpaka mashine ikatae. Usilale nayo.

Miguu kuvimba jioni peke yake ni jambo la kawaida, ila pima. Na hapana, miguu kuvimba si dalili kwamba mtoto ni wa kiume.

Mimi sijisikii chochote, kupimwa kila mara ni kwa nini?

Kwa sababu presha haina sauti. Wengine dalili yao ya kwanza ni degedege. Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito aonwe mara 8, na nyingi kati ya hizo ni miezi ya mwisho, ile mnayosema "nimechoka kutembea." Kila ukienda fungua kadi mwenyewe, utazame kama namba ya presha imeandikwa leo. Ukiambiwa mashine mbovu, uliza ni kituo gani mashine inafanya kazi, uende. Na mkojo upimwe. Kadi yenye uzito na urefu wa mimba tu, presha hakuna, mimi inanikera kuliko kadi iliyopotea.

Naweza kumeza dawa za presha za mama yangu?

Usithubutu. Kaptopri, enalapri na losatani zinaumiza figo za mtoto tumboni. Mjamzito ana dawa zake, kama metildopa na nifedipini. Na kitunguu saumu ni kiungo cha mchuzi, si dawa ya presha.

Kuna kinga?

Ipo, si kamili. Kwa walio hatarini, aspirini ya dozi ndogo ikianzwa mapema, kabla ya wiki 20, inapunguza hatari. Utafiti wa nchi kadhaa uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha inakata kwa zaidi ya nusu ile aina inayolazimisha mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Uandikiwe kliniki, usijinunulie. Nyingine ni kalsiamu, kwa sababu wengi wetu tunakula maziwa na dagaa kidogo. Zamani ilikuwa vidonge vitatu kwa siku na watu wanavitupa. Mwaka 2024 yalitoka majibu ya tafiti mbili, Dar es Salaam na Bengaluru huko India, kila moja ikiwa na wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza: miligramu 500 kwa siku haikuwa dhaifu kuliko 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu. Kwangu hiyo ni habari njema, maana kidonge kimoja kinamezwa.

Ameshajifungua salama. Hatari imekwisha?

Bado. Wengine huanguka baada ya kuzaa, hasa saa 48 za kwanza, na hatari huendelea hata wiki kadhaa. Na hapo ndipo jini hurudi kwa jina jipya, eti kachezewa na watu wenye husuda kwa vile mtoto mzuri. Siyo jini na siyo husuda. Mzazi analalamika kichwa akiwa ndani ya arobaini, arobaini ivunjwe, apelekwe akapimwe. Na akiruhusiwa na vidonge, avimalize.

Akianguka usiku tufanye nini mpaka gari lije?

Mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vigumu karibu yake. Msimtie kijiko mdomoni, kinavunja meno na hakizuii kitu. Msimnyweshe chochote, wala maji ya kombe, yataingia mapafuni. Msimfukize. Pigeni simu kituo mnachokwenda ili tuandae dawa, chukueni kadi na watu wawili wa kutoa damu. Na mmoja wenu ashike saa, kwa sababu nikimpokea nitauliza kaanguka saa ngapi na mara ngapi, na sitaki tena kuona shangazi na mama mkwe wakitazamana.