Tuzo ya Rais si mashindano

Wazazi wengi nchini Kenya wakisikia mtoto "anafanya President's Award", yaani Tuzo ya Rais, hudhani anashindana na wenzake, na kwamba nishani itamwendea yule mwenye akili nyingi darasani au kiranja mkuu. Ni neno "tuzo" linalowapotosha, maana tumezoea tuzo moja kwa mshindi mmoja.

Mpango huu wa vijana, uliochipuka kutoka ule wa Duke of Edinburgh ulioanza Uingereza mwaka 1956, hauna namba moja. Kijana wa kuanzia miaka 14 hujipimia mwenyewe. Huchagua ujuzi, mchezo au mazoezi ya mwili, na huduma ya kujitolea, kisha hufuatilia kila kimoja wiki baada ya wiki. Kiwango cha kwanza, Shaba, huchukua angalau miezi 6. Aliyekuwa hawezi kuogelea akajifunza anastahili sawasawa na bingwa wa kuogelea aliyejiongezea kiwango chake.

Halafu kuna safari, na hapa ndipo uongozi unapoonekana bila cheo. Kwenye Shaba ni siku mbili na usiku mmoja. Kwenye Dhahabu, kiwango cha juu kabisa, ni siku nne na usiku tatu. Kikundi kidogo hupanga njia, hubeba chakula na hema zake, hupika. Mwalimu hukaa mbali kidogo. Wakipotea, wasome ramani wenyewe! Mara nyingi anayewatuliza wenzake wakati huo si kiranja, ni yule mkimya wa dawati la nyuma.

Dhahabu huongeza siku kadhaa za kuishi na kufanya kazi na watu ambao kijana hakuwajua kabla.