Ukiulizwa umeumiaje, sema kweli

Simu za wanaume wanaopigwa majumbani huingia kwetu, kwenye huduma ya ushauri kwa simu, usiku, baada ya saa nne, na nyingi huanza hivi: "Nauliza kwa ajili ya rafiki yangu." Hatubishi. Tunamshauri huyo rafiki mpaka mpigaji ateleze mwenyewe aseme "mimi". Msimu huu wa Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, tumepata pia simu za hasira, watu wakituuliza tangu lini mwanamume akapigwa na mkewe. Ndiyo maana naandika.

Wanaoumizwa zaidi majumbani ni wanawake na watoto, na hatuko hapa kushindana nao. Ila mkazi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga (mengine nimeyabadili asitambulike), alitupigia akiwa amejifungia chooni, bomba amelifungulia ili asisikike. Alikuwa amemwagiwa uji wa moto begani. Alinong'ona kidogo, kisha akasema, "Subiri dada, anakuja," simu ikakatika. Ikikatika namna ile hatupigi tena, kwa sababu ikilia mkononi mwake sisi ndio tutakuwa tumemwongezea balaa. Tulikaa na simu mezani. Alipiga kesho yake mchana, akiwa kazini.

Kumbe alishatibiwa, na alipoulizwa na daktari alisema ameteleza jikoni na sufuria.

Jambo hili naomba lieleweke vizuri. Ukiumizwa, nenda kituo cha polisi, ueleze aliyekuumiza na alivyokuumiza. Taarifa yako inaandikwa kitabuni, unapewa namba, ile tunayoiita RB. Kisha unapewa fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wao wakishajaza sehemu yao. Unaipeleka hospitali, daktari anaandika aina ya jeraha, ukubwa wake na kinachoonekana kulisababisha, halafu inarudi polisi. Fomu hailipiwi. Usiikunje ukakaa nayo wiki mbili mfukoni, maana jeraha litapona na daktari hawezi kuandika asichokiona. Aliyeumia vibaya aanze hospitali, polisi watafuata. Na popote utakapoanzia, maelezo yawe yale yale. Cheti cha hospitali kikisema "ameteleza", upande wa pili utakisoma mahakamani kwa sauti.

Kushambulia kwa kawaida adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka 1. Shambulio lililosababisha madhara ya mwili ni hadi miaka 5, na madhara makubwa hadi miaka 7. Kwa hiyo mtu aliyevunjwa mkono asiambiwe na wazee kwamba yaishe nyumbani. Usuluhishi una nafasi yake, hasa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, lakini baraza haliungi mfupa.

Kila wiki nasikia kwamba Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni la wanawake. Si kweli, na inachosha kulirudia. Mwanamume naye ana jinsia! Nakubali kwamba MTAKUWWA, Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, umetaja wanawake na watoto kwenye jina lake, na anayeusoma anaweza kudhani yeye hahusiki. Lakini kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Mwenzi ni mke, na mwenzi ni mume.

Na habari za limbwata, kwamba mume kalishwa dawa ya mapenzi ndiyo maana anavumilia, tuziache, ndugu zangu. Mtu ana jicho limevimba, majirani wanasema kalishwa, nduguze wanatafuta mganga, na Hospitali ya Bombo ipo pale pale.

Ukipiga, tutakuuliza maswali yatakayokukera. Nyumbani nani anamwogopa nani? Mshahara wako anaushika nani? Nawe umewahi kumpiga? Wengine hukasirika: "Mnanishuku?" Tunauliza kwa sababu wapo wanaolalamika wamekwaruzwa usoni, kumbe mke alikuwa akijinasua shingo. Hao nao tunawasikiliza, ila msaada wao ni mwingine.

Wengi hunyamaza kwa hofu ya watoto. Ni kweli sheria inaanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama inaangalia maslahi ya mtoto. Ushahidi wenyewe ndio huo unaoukana hospitalini.

Wala wanaopiga si wake tu. Mzee mmoja wa upande wa Pangani alikuwa akipigwa na mwanawe wa kumzaa kwa sababu ya minazi. Alitwambia haoni aibu ya kipigo, anaona aibu kumshitaki mtoto aliyembeba mgongoni.

Yule wa Ngamiani alirudi polisi, kisha kwa daktari, akasema kweli. Daktari aliongeza maelezo chini ya yale ya mwanzo, akaweka tarehe na sahihi. Uongo wa kwanza haukufutika, bado upo juu ya karatasi hiyo hiyo, na atauelezea siku akiulizwa.

Ukitupigia ukawa huwezi kusema, gonga simu kwa ukucha. Tutauliza maswali mafupi: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.