Ukirudishwa maabara hujanyimwa huduma: kipimo cha lithiamu na dawa za bipola

Miezi ya karibuni malalamiko yanayoletwa kliniki yetu ya afya ya akili yamekuwa yaleyale. Ndugu kaamka na mgonjwa wake saa 10 alfajiri, wamepanda daladala mbili, wamepanga foleni maabara mpaka zamu yao imefika halafu wanaambiwa hapana, rudini siku nyingine. Wanaondoka wamekasirika na wengine hawarudi tena, na hao wasiorudi ndo wanaoninyima usingizi. Mimi ni mfamasia, dirisha la dawa la kliniki hii nimelikalia miaka mingi, uongozi umeniomba niandike maelezo, basi naandika kama ninavyoongea na watu pale dirishani.

Mara nyingi mgonjwa anarudishwa kwa sababu moja tu, amemeza kidonge cha lithiamu asubuhi kabla ya kutolewa damu. Lithiamu ni dawa ya bipola, ugonjwa wa akili ambao mtu anachangamka kupita kiasi, hiyo tunaiita mania, na wakati mwingine anazama kwenye sonona.

Lithiamu sio kama dawa ya minyoo kwamba ukimeza umemaliza. Dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana sana. Wengi tunataka kiwango chao kwenye damu kiwe kati ya 0.6 na 1.0, hiyo ni milimoli kwa lita, kikipita 1.5 tunaongelea sumu. Sasa ukishameza kidonge kiwango kinapanda juu kwa masaa kadhaa halafu kinashuka taratibu, na hizo namba nilizotaja ni za damu iliyotolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Sio masaa 2 wala masaa 20. Mtu akimeza saa 12 asubuhi akatolewa damu saa 2, majibu yanaweza kusoma juu kuliko hali yake ya kweli, daktari akiyaamini anapunguza dozi, na baada ya wiki chache mgonjwa halali tena usiku na nyumbani mnauliza imekuwaje wakati dawa alikuwa anakunywa vizuri. Ndo maana mtu wa maabara anauliza umekunywa dawa saa ngapi. Mjibuni ukweli, hakuna atakayewagombeza.

Kukumbuka ni rahisi, saa ya usiku na ya asubuhi zifanane. Umemeza saa 3 usiku, damu saa 3 asubuhi. Umemeza saa 2 usiku, damu saa 2 asubuhi. Wale ambao bahasha yao imeandikwa 1 x 2, yaani asubuhi na usiku, siku ya kipimo kidonge cha asubuhi mnakuja nacho mfukoni, mkishatolewa damu mnameza palepale na maji. Chai unaweza kunywa, hiki sio kipimo cha sukari cha kufunga. Damu inawekwa kwenye kichupa cha siramu, sio kile cha kifuniko cha kijani chenye heparini ya lithiamu, ile dawa ya kuzuia damu isigande, manake kile kina lithiamu ndani yake na majibu yatapanda ya uongo. Najua kichupa sio kazi ya mgonjwa ila ukipimwa kwenye maabara isiyokizoea kipimo hiki, waambie tu kwa heshima kwamba ni cha lithiamu, fundi mzuri ataelewa. Kipimo tunafanya kama wiki moja baada ya kuanza au kubadilisha dozi, tunarudia mpaka kitulie, halafu kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza. Figo na tezi ya shingo kila miezi 6.

Hapo kwenye figo ndo naulizwa kila siku. "Dokta, si hii dawa inaua figo?" Jamani. Wapo ambao kweli figo zao au tezi inaathirika baada ya kutumia miaka mingi, hatujawahi kuficha, na kwa sababu hiyohiyo tunapima ili tuone mapema. Lakini mtu anakimbia kipimo kwa kuogopa figo halafu mgongo ukimuuma anaenda duka la dawa kununua diklofenaki ya wiki nzima! Diklofenaki na ibuprofeni zinaizuia lithiamu isitoke na mkojo, kiwango kinapanda. Maumivu ya kawaida tumia parasetamo. Baadhi ya dawa za presha nazo zinafanya hivyohivyo, losartani na zile za kukojoza za jamii ya thaiazaidi, kwa hiyo ukienda kliniki ya presha sema wazi kwamba unatumia lithiamu, usione aibu, aibu hiyo imeshawaleta watu kwetu kwa machela.

Maji na chumvi pia. Huku kwetu pwani jua la Januari mtu anatoka jasho kutwa nzima, akiharisha au akitapika siku moja tu mwili unakauka na figo zinaanza kuirudisha lithiamu badala ya kuitoa. Kunywa maji ya kutosha, usiache chumvi ghafla kwa kusikia sijui nani kasema chumvi mbaya. Ukiona mkono unatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye kisosi, miguu inapepesuka, ulimi mzito, unatapika, usimeze dozi inayofuata, njoo hospitali siku hiyohiyo na bahasha zako zote mkononi. Kutetemeka kidogo vidole kunawapata wengi na sio hatari, nazungumzia kule kwa kumwaga chai.

Kuhusu Ramadhani, tafadhali msije tarehe 29 Shaaban. Njooni wiki kadhaa kabla tupange, dozi ihamie baada ya futari, maji kati ya futari na daku, na kiwango kipimwe. Kuna ambao tutawaambia mwaka huu wasifunge na mgonjwa ana ruhusa hiyo kwenye dini, shehe wako atakwambia. Tatizo letu ni anayefunga kimya kimya na kuacha dawa mchana na usiku.

Na kuacha dawa ndo jambo kubwa kuliko yote niliyoandika hapa. Kuna mama mmoja tunamhudumia, anauza vitenge. Alitulia miaka miwili, biashara nzuri, nyumba imetulia, akaambiwa na watu wa karibu umeshapona unajaza mwili masumu ya nini, akaacha siku moja vidonge vyote. Wiki ya tatu alikuwa analala masaa mawili na hachoki, saa 11 alfajiri kibanda kiko wazi, mume anafurahi mke wangu mwaka huu kachangamka. Akakopa kwenye simu mara tatu, akachukua marobota ya vitenge kwa mali kauli, na ilipofika wiki ya nne akawa anagawa vitenge bure kwa wapita njia. Walimleta wamemfunga mikono kwa kanga yake mwenyewe, fundo limekaza mpaka kifundo cha mkono kimechubuka. Nililifungua mimi na nesi wa zamu. Deni analilipa mpaka leo.

Kutulia kwake ile miaka miwili ilikuwa ni kazi ya dawa. Lithiamu ilianza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1949, daktari wa Australia anaitwa John Cade, na mpaka leo ni kati ya dawa zinazozuia mtu kurudiwa na hata kupunguza hatari ya kujiua. Ukitaka kuacha, na unayo haki ya kutaka, tunashusha dozi taratibu kwa wiki 4 angalau na ikiwezekana miezi 3, huku tunakuangalia. Kukata ghafla kunarudisha mania haraka. Vilevile msipeane dawa za sonona, kidonge kilichomsaidia jirani mwenye sonona ya kawaida kikimezwa peke yake na mwenye bipola kinaweza kumrusha juu.

Mabinti wanaotumia valproeti, dawa nyingine ya bipola, hii ni yenu. Mimba ikiingia ukiwa kwenye valproeti, karibu mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro ya mwili, na 3 au 4 kati ya 10 wanapata shida za kukua na kujifunza. Ongea na daktari kabla ya kubeba mimba. Kama umeshabeba usiache mwenyewe, njoo siku hiyohiyo tubadilishe kwa utaratibu.

Mengine ninayoulizwa ni ya polisi. Ni kweli Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inaandika kujaribu kujiua ni kosa, na najua wenzetu Kenya Mahakama Kuu yao Januari 2025 ilisema kifungu chao cha 226 kinapingana na katiba. Sheria sio mimi ninayeiandika, ila nachoweza kusema ni kwamba hapa kwetu mgonjwa anatibiwa kwanza, karatasi zinafuata. Msimfiche ndani siku tatu kwa kuogopa kituo. Na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inatambua kulazwa kwa hiari na kulazwa pasipo hiari, kwa hiyo hata anayekataa kabisa kuja kuna njia, tuulizeni kabla hamjachukua kamba.

Yule mama wa vitenge sasa hivi binti yake wa kidato cha pili ana kauntabuku, kila asubuhi kabla ya shule anaandika mama kalala masaa mangapi, kameza au hajameza, basi, mstari mmoja. Tulikubaliana naye mama mwenyewe akiwepo kwamba usiku mbili mfululizo chini ya masaa 4 binti anapiga simu kliniki, hasubiri Jumatano ya apointimenti. Mwezi wa tano alipiga. Tulipima kiwango, kilikuwa 0.4, alikuwa anaruka dozi za usiku kwa sababu ya kusafiri kufuata mzigo, tukarekebisha na hakulazwa. Mkija kipimo njooni na daftari kama hilo, na ile bahasha msiitupe.