Kwa nini mafuta ya midomo ya asili mengine huzidi kuikausha midomo?

Je, wajua kwamba kijiti cha mafuta ya midomo kilichotengenezwa kwa nta ya nyuki, siagi ya kakao na mafuta ya nazi hakina hata tone la maji? Hata hivyo wengi hukipaka wakiamini kwamba wanainywesha midomo iliyokauka. Imani hiyo ndiyo inayoharibu uchaguzi dukani. Anayetafuta unyevu kwenye lebo huvutiwa na asali, mshubiri na mnanaa unaopooza, akaipita nta, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa.

Ngozi ya midomo ni nyembamba, haina tezi za jasho, na tezi zake za mafuta ni chache mno au hazipo kabisa. Sehemu nyingine za uso hujipaka mafuta zenyewe, midomo haiwezi. Maji ya mwili hupanda kutoka ndani na kupotelea hewani saa zote, na upepo mkavu wa kaskazi au baridi ya Njombe mwezi Julai huyaharakisha. Kulamba hakusaidii: mate hukauka upesi, na vimeng'enya vyake, vilivyoumbwa kwa ajili ya chakula, huichokoza ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Sasa mtazame fundi aliyemaliza kumwaga zege. Hulimwagia maji, kisha hulifunika kwa nailoni kwa siku kadhaa lisipasuke. Nailoni haina maji, wala haiongezi kitu ndani ya zege. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoroke kabla ya wakati. Fundi akifunika zege ambalo jua limeshalikausha, atakuwa amefunika ukavu. Na akitumia nailoni yenye matundu, maji yatapita humo humo. Nta midomoni ni ile nailoni. Ndiyo maana mafuta ya midomo yanafaa zaidi yakipakwa mara tu baada ya kunywa maji au kunawa uso, midomo ikiwa bado na unyevunyevu, kuliko yakipakwa juu ya midomo iliyokauka kwa saa sita.

Viungo vya asili basi hugawana kazi. Nta hufunika. Siagi ya kakao, ya shea na mafuta ya nazi au alizeti hulainisha, yaani hujaza nyufa ndogo kati ya magamba ya ngozi. Hufunika pia, ila kwa udhaifu. Asali na gliserini huvuta maji na kuyashikilia, lakini yasipokuwa na kifuniko juu yake, katika hewa kavu maji hayo huishia kupotea. Kijiti chenye asali nyingi na nta kiduchu kina sifa nzuri kwenye tangazo tu.

Nta yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Nyuki kibarua huitoa kwenye tezi nane zilizo chini ya tumbo lake, na misitu ya miombo ya Tabora na Kigoma imeijengea Tanzania jina katika biashara yake. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, kwa hiyo mdomo wa mtu hauwezi kuiyeyusha. Siagi ya kakao huyeyuka kati ya nyuzi 34 na 38, karibu sawa na joto la mwili. Mafuta ya nazi hayahitaji zaidi ya nyuzi 24 au 25, na ndiyo sababu chupa ile ile iliyo maji matupu Dar es Salaam huganda ikifika Iringa. Mafuta ya nazi peke yake, kwa hiyo, huteleza midomoni na kulambwa kabla hayajafanya kazi. Nta peke yake haipakiki. Watengenezaji wengi wa nyumbani huanza na sehemu moja ya nta, moja ya siagi na mbili za mafuta kwa uzito, kisha hurekebisha kulingana na hali ya hewa. Anayetumia siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda huenda akahitaji nta zaidi kidogo, kwa kuwa shea ya huko ni laini kuliko ya Afrika Magharibi.

Kosa la pili lina mizizi mirefu zaidi: kudhani kwamba kilichotoka shambani hakiwezi kudhuru. Mnanaa una mentholi, nayo huamsha neva zinazohisi baridi bila kupooza chochote. Mtu husikia ubaridi, hudhani midomo imepata nafuu, kumbe ngozi inachokozwa. Muda mfupi baadaye inawasha na anapaka tena. Mchezo huo ndio unaowafanya watu waseme mafuta ya midomo yana uraibu, ingawa hakuna kemikali inayojulikana humo ya kumfanya mtu awe mtumwa wake. Karafuumaiti nayo huleta hisia ya ubaridi na kuchokoza vivyo hivyo. Mdalasini ni miongoni mwa vichochezi vya mzio wa midomo vinavyojulikana sana. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu yana kemikali ambazo zikikutana na jua huweza kuiunguza ngozi. Hata mafuta ya nyonyo, lanolini ya manyoya ya kondoo na gundi ya nyuki, viungo vya asili vyote, huwaletea baadhi ya watu vipele na kubabuka. Aliyewahi kuvimba midomo kwa kumenya embe kwa meno hahitaji ushahidi mwingine.

Kwa upande wa pili yapo mafuta ya mgando, yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872. Hayo si ya mimea wala ya nyuki, lakini hufunika vizuri kuliko nta na ni nadra kuleta mzio, kiasi kwamba madaktari wanaopima mzio wa ngozi huyatumia kuchanganyia vitu vingi wanavyovipima. Anayetaka ya asili ana haki ya kuyaacha kwa sababu zake. Ila asiyaache kwa kudhani yana hatari zaidi ya mnanaa.

Kwenye lebo, viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote mwishoni. Viungo vya asili huandikwa kwa Kilatini: Cera Alba ni nta ya nyuki, Butyrospermum Parkii ni shea, Cocos Nucifera ni nazi, Ricinus Communis ni nyonyo, Mentha Piperita ni mnanaa. Nta ikiwa miongoni mwa vitatu vya kwanza, kifuniko kipo. Ukiona Parfum au Aroma, yaani manukato au ladha, na midomo yako imechubuka, rudisha rafuni. Neno "asili" la mbele ya pakiti lisikupe haraka: Marekani, kwa mfano, mamlaka ya chakula na dawa haijaliwekea maana ya kisheria kwa vipodozi.

Vitamini E mara nyingi husifiwa kwamba huponya nyufa. Ushahidi wa hilo ni mdogo. Inachofanya kwa hakika ni kuchelewesha mafuta kuharibika, jambo lenye maana hasa pakiwa na alizeti, ambayo huanza kunuka mapema kuliko nazi. Mafuta ya midomo yenye asali, hata ya asali safi kabisa, asipakwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vya botuli, ugonjwa hatari unaopoozesha misuli.

Shea na nazi hazitoshi kuzuia jua. Kwa wenye ualbino hili ni la lazima: watafute mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, kwa mfano oksidi ya zinki, ambayo chanzo chake ni madini. Kidonda cha mdomo wa chini kisichopona kwa wiki kadhaa kionwe na daktari wa ngozi. Na nyufa zinazorudi kwenye pembe za mdomo mara nyingi hutokana na fangasi, au upungufu wa madini ya chuma na vitamini B, hivyo zinahitaji kupimwa kituo cha afya kabla ya kununua kijiti kingine.