Mfumo nyumbufu wa kupanga ratiba ya kiwanda ni nini?

Ukipita Muhoroni au Chemelil, kwenye viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya, wakati wa kukata miwa utakuta foleni ya trekta, madereva wamejilaza kwenye kivuli cha trela. Kila trela ina haraka yake. Muwa ukishakatwa sukari yake huanza kupungua, kwa hiyo hutakiwa usagwe ndani ya siku moja au mbili. Uliochomwa shambani kabla ya kukatwa huharibika upesi zaidi. Nani atangulie kwenye mizani? Kujibu swali hilo ndiko kupanga ratiba: kugawa kazi kwa mashine na watu, na kuamua kila moja ianze saa ngapi.

Swali huonekana jepesi mpaka uhesabu. Trela 10 zinaweza kupangwa kwa njia 3,628,800. Zikifika 15, njia zinapita trilioni 1.3, na hapo kinu ni kimoja tu. Mwaka 1963 watafiti Fisher na Thompson walichapisha fumbo la kazi 10 zinazopitia mashine 10. Jibu lililo bora kabisa lilikuja kuthibitishwa mwaka 1989. Kiwanda hakina miaka 26 ya kusubiri, hivyo programu hutafuta ratiba nzuri inayopatikana kabla zamu haijaanza.

Sasa huo unyumbufu. Programu nyingi huchanganya masharti ya kiwanda na mbinu ya kutafuta jibu. Sharti la “miwa iliyochomwa itangulie” linazikwa katikati ya maelfu ya mistari ya msimbo, na siku utaratibu ukibadilika hakuna anayeweza kuligusa ila aliyeliandika. Msimamizi wa zamu anarudi kwenye daftari lake. Nimewahi kulishika daftari la aina hiyo: kurasa zimeingia grisi, namba ya trela moja imekatwa na kuandikwa upya mara nne. Ninaliheshimu sana, kwa sababu humo mna masharti yote ambayo programu haikuwahi kuambiwa.

Mfumo nyumbufu hutenganisha mambo hayo mawili. Masharti hukaa peke yake, kwa lugha ambayo msimamizi anaweza kuisoma na kuirekebisha. Injini ya kutafuta jibu haijui miwa ni nini. Kinu kimoja kikiharibika, msimamizi anakiondoa kwenye orodha, injini inatafuta upya. Injini hiyohiyo ingeweza kutumika katika kiwanda cha mkate Nakuru: weka tanuri mahali pa kinu, na unga unaoumuka mahali pa sukari inayopungua.

Masharti nayo hayalingani nguvu. Uwezo wa kinu hauzidishwi kwa kuomba. Kumpunguzia dereva wa mbali kulala yadi ni jambo la kutamaniwa, hupewa uzito wake.

Tena ratiba isivurugwe kila dakika, watu wataacha kuiamini. Kazi iliyoanza huachwa iishe. Msimamizi naye aweze kubadilisha zamu ya trela kwa mkono wake, maana simu ya dereva aliyepasukiwa na gurudumu huko Awasi inamfikia yeye.