Skizofrenia: sauti zimenyamaza, mbona kumbukumbu haijarudi?

Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, anapoacha kusikia sauti hizo, ndugu humhesabu kuwa amepona, kisha hushangaa kumwona akikosea chenji pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, au akifika dukani bila kukumbuka alichotumwa.

Kijana wetu anachomwa sindano kila mwezi na sauti zimekoma. Kwa nini anasahau?

Dawa kama haloperidoli, klopromazini na sindano ya flufenazini hufanya kazi hasa kwa kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, jambo linalotuliza sauti na imani zisizo za kweli, lakini halisaidii sana kumbukumbu, umakini wala uwezo wa kupanga mambo. Upungufu huo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwa wagonjwa wengi huanza miaka kadhaa kabla ya sauti, pale mwanafunzi aliyekuwa akifanya vizuri anapoanza kushuka darasani bila sababu inayoonekana. Kumwita mvivu ni kumwonea.

Je, ipo dawa ya kurudisha uwezo huo?

Dawa iliyothibitishwa mahususi kwa kazi hiyo bado haijapatikana, ingawa imetafutwa kwa bidii. Donepezili, wanayopewa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ilijaribiwa na haikuleta nafuu ya maana. Iklepertini ya kampuni ya Boehringer Ingelheim ya Ujerumani ilileta matumaini katika majaribio ya awali, lakini Januari 2025 ilitangazwa kwamba majaribio makubwa hayakufikia lengo.

Basi upande wa dawa hakuna la kufanya?

Lipo, na ndilo ambalo kwa maoni yangu husahaulika zaidi. Wagonjwa wengi wanaotumia haloperidoli au flufenazini hupewa pia benzheksoli, ambayo baadhi huijua kama Artane, ili kuondoa kukakamaa, kutetemeka na shingo kujipinda. Kidonge hicho huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huihitaji ili kukumbuka, kwa hiyo mtu anayeendelea kukimeza miaka mingi baada ya kukakamaa kwisha anaweza kuwa anaongezewa usahaulifu na dawa yenyewe, pamoja na kinywa kukauka na choo kuwa kigumu. Shirika la Afya Duniani halishauri kitumike kwa mazoea. Amitriptilini, dawa ya sonona, nayo ina tabia hiyo, hata piritoni tunayonunua kwa mafua ya baridi ya Juni na Julai, jambo ambalo wachache hulifikiria.

Siku ya kliniki, bebeni dawa zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za duka la dawa, na mwulizeni daktari kama benzheksoli bado inahitajika na kama dozi ya dawa kuu inaweza kuangaliwa upya. Msipunguze wenyewe: benzheksoli ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kukakamaa tena, na dawa kuu ikiachwa sauti hurudi.

Na nje ya vidonge?

Mazoezi ya mwili na mafunzo ya kunoa akili yameonyesha faida, ijapokuwa si kubwa kwa kila mtu. Bangi ni ya kuepukwa kabisa, na ulanzi wa masika huko Iringa, hata ukiitwa kinywaji cha nyumbani, bado ni pombe. Kwa kijana wa sokoni, bei ziandikwe kwenye kadi na aanze kwa kuuza bidhaa moja, tuseme viazi peke yake, kabla ya kuongezewa nyingine.