“Alikuwa Anaongea, Akachomwa Sindano, Akafa”

Wiki hii nimeyasikia tena maneno haya, safari hii kwa wakili, katika kikao cha kuchunguza kifo cha hospitalini. Marehemu alikuwa anaongea, akachomwa antibayotiki, dakika arobaini baadaye akakata roho. “Sasa daktari, kilichomuua ni nini?” Aliuliza kama mtu aliyekwisha kujijibu.

Mimi ni mwanapatholojia. Napasua, napima, naandika ripoti, kisha naitwa kuieleza. Ndugu wa marehemu wakisema hivyo siwalaumu hata kidogo. Mtu ameagana na mwanawe akiwa anaulizia chaja ya simu, kesho yake anaonyeshwa maiti. Lazima atafute kilichopita katikati, na kilichoonekana kwa macho ni sindano. Linaloniudhi ni kuyasikia kwa watu wenye faili la mgonjwa mkononi.

Kwa ninavyoona, kilichomuua ni sepsisi. Kifo cha sepsisi kinaitwa cha ghafla kwa sababu presha huanguka ghafla. Kabla ya hapo mwili umeshapigana saa nyingi. Tena sepsisi si “vijidudu kujaa kwenye damu”. Kwa maana inayotumika tangu 2016, ni viungo kuanza kushindwa kazi kwa sababu mwili unaukabili uambukizi kwa namna inayoudhuru mwili wenyewe. Mishipa hulegea na kuvuja. Moyo huenda mbio kufidia, mishipa ya ngozi hujibana ili damu ifike kwenye ubongo, na pumzi huongezeka kasi kwa kuwa asidi inapanda kwenye damu. Maadamu ubongo unapata damu, mgonjwa ataongea. Kijana mwenye moyo imara anaweza kushikilia hapo hadi karibu na mwisho kabisa. Ukiona presha ya 110 kwa 70 kwa mtu ambaye moyo unapiga mara 130, usiende kulala.

Tazameni chati niliyokuwa nayo mezani. Namba nimezigeuza kidogo ili mtu asitambulike. Mapigo ya moyo: saa 12 jioni 98, saa 2 usiku 112, saa 4 126, saa 6 134. Joto: 37.9, 37.2, 36.4, 35.8. Pembeni mtu ameandika “homa imeshuka”, kana kwamba ni habari njema. Joto la mgonjwa wa sepsisi likishuka chini ya 36 hiyo nayo ni dalili mbaya. Na upumuaji? 20, 20, 20, 20. Wino uleule, mwandiko uleule. Moyo upande hivyo halafu pumzi zibaki ishirini kamili kila baada ya saa mbili? Hakuna aliyehesabu. Kuhesabu pumzi kunataka usimame kando ya kitanda dakika nzima ukitazama kifua kinavyopanda na kushuka, na dakika hiyo ndiyo watu wanayoiruka, wanaandika namba inayofanana na ya mtu mzima asiye na shida. Chati nyingi zinazofika mezani kwangu ziko hivyo. Kipimo kinachobadilika mapema kuliko vingi ndicho kinachobuniwa kuliko vyote.

Na maiti yenyewe inasema nini? Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nikibahatika napata chanzo: nimonia, jipu, utumbo uliotoboka. Wengu unaweza kuwa laini hadi ukaporomoka kwenye kisu. Tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, wakati mwingine zimejaa damu, hasa kwa meningokoka, vijidudu vinavyoleta homa ya uti wa mgongo. Lakini mara nyingi naona mapafu mazito yenye maji, na mapafu ya namna hiyo hupatikana katika vifo vya aina nyingi. Kuotesha damu ya maiti ili kuona kama ina vijidudu hakumalizi ubishi: baada ya kifo vijidudu vya utumboni huweza kuingia kwenye damu, kwa hiyo jibu la “vipo” halitoshi, na kama mgonjwa alishapata antibayotiki, “havipo” nalo halitoshi. Ripoti yangu bila faili la wodini ni nusu ya ripoti.

Sindano nayo niliichunguza, sikuipuuza. Nilichukua damu ya mshipa wa paja, maana ya moyoni hupotosha, ikapimwa triptesi, kimeng'enya kinachopanda mtu akipatwa na mzio mkali. Kilikuwa chini. Hilo linapunguza uwezekano wa mzio, haliufuti, na nilisema hivyo kikaoni. Wakili aliandika sehemu ya pili tu.

Kisha likaja swali linaloninyima usingizi: dawa ingetolewa saa nne mapema, angepona? Upo utafiti wa mwaka 2006 kwa wagonjwa 2,731 wa mshtuko wa sepsisi, yaani presha ikiwa imeshaanguka, ambapo kila saa ya kuchelewa kwa dawa ilikwenda na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Watu huuchukua kama rula. Wastani wa maelfu hauniambii habari za mtu mmoja aliyelala mezani kwangu. Nilijibu kwamba nafasi yake ingekuwa kubwa zaidi, kwa kiasi gani sijui, na sitajifanya najua. Kikao chenyewe kinatafuta ni nani aliyekufa, lini, wapi na kwa namna gani. Mambo ya fidia na jinai yana mahakama zake.

Aliyetusaidia kuliko wote ni mama wa marehemu. Alirudia yaleyale, “alikuwa anaongea.” Nikaomba ruhusa nimuulize: “Mama, alikuwa anaongeaje?”

Alifikiri kidogo. “Vipande vipande, mwanangu. Neno mbili, anahema. Neno mbili, anahema. Nikamwambia pumzika, utaniambia kesho.”

“Ilikuwa saa ngapi?”

“Kabla hatujatolewa wodini. Saa 12 na nusu.”

Mchunguzi anayeongoza kikao aliivuta chati, akaweka kidole kwenye safu ya upumuaji, saa 12 jioni. Ishirini.